Imam Ghazali: Mwanachuoni aliyekiacha kiti ili autafute moyo wake

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata uongofu wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Muislamu, katika ukurasa wetu wa Ijumaa ya leo tumeona tuyatazame maisha ya mtu ambaye jina lake hutajwa sana misikitini na madrasani, lakini habari ya nafsi yake haisimuliwi mara nyingi kama inavyostahiki. Huyo ni Imam Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali, aliyepewa na Waislamu lakabu ya Hujjatul Islam, yaani Hoja ya Uislamu.

Wengi tunamjua kwa wingi wa vitabu vyake. Tunalokusudia kulizungumza leo ni jambo lililompata akiwa katika kilele cha sifa, pale alipojitazama ndani, akaona kwamba yale aliyokuwa akiwafundisha watu hayakuwa yamemfikia yeye mwenyewe. Ni jambo linalomgusa kila mmoja wetu, na hasa wale ambao Mwenyezi Mungu amewapa nafasi ya kusema watu wakasikiliza.

MTOTO WA MSOKOTA SUFU

Imam Ghazali alizaliwa katika mji wa Tus, jimbo la Khurasan, mwaka 450 Hijria, sawa na mwaka 1058 Miladia. Tus ulikuwa mji mkubwa katika nchi ambayo leo ni kaskazini mashariki ya Iran, karibu na Mashhad.

Inasimuliwa kuwa baba yake alikuwa fukara mchamungu, akisokota sufu na kuiuza, wala hakupenda kula isipokuwa jasho la mikono yake. Alipopata faragha alikuwa akienda katika vikao vya mafakihi, akisikiliza na kulia, na kumuomba Mola wake amruzuku mtoto atakayekuwa fakihi. Kisha akienda katika vikao vya wawaidhi, akilia na kuomba apate mtoto atakayekuwa mwaidhi. Dua zote mbili zilikubaliwa, kwani Muhammad alikuwa fakihi mkubwa wa zama zake, na mdogo wake Ahmad akawa mwaidhi ambaye nyoyo zililainika kwa maneno yake. Lakini mzee yule hakuishi hata akayaona hayo.

Alipohisi mauti yamekaribia, aliwakabidhi watoto wake wawili kwa rafiki yake mmoja mwema, pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo, akamuusia awasomeshe hata kama akiba yote itakwisha. Rafiki yule alitekeleza wasia hadi senti ya mwisho. Fedha zilipomalizika, naye hana kitu, aliwashauri vijana wale waingie katika madrasa, ambako mwanafunzi hupewa chakula na malazi, ili wapate cha kujikimu. Wakafanya hivyo.

Baadaye katika uhai wake Imam Ghazali aliikumbuka siku hiyo, akakiri kwamba waliitafuta elimu kwa ajili ya kitu kingine kisichokuwa Mwenyezi Mungu, lakini elimu ikakataa isipokuwa iwe kwa ajili Yake. Tuliweke akilini jambo hili, maana safari yake yote imo ndani yake. Mlango aliouingia mara ya kwanza ulikuwa mlango wa njaa. Wala si aibu kwa yatima kutafuta chakula. Swali ni lini mtu atakapoigeuza nia yake baada ya kushiba.

SOMO LA WANYANG'ANYI

Baada ya kusoma misingi ya fikihi mjini kwao, Ghazali alisafiri hadi Jurjan, mji ulioko kusini mashariki ya bahari ya Kaspi, akasoma huko na kuyaandika mafunzo ya walimu wake katika daftari. Akiwa njiani kurudi nyumbani, msafara wao ulivamiwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu, pamoja na mfuko uliokuwa na daftari zile.

Kijana Ghazali aliwafuata. Mkubwa wao akamuonya arudi, asije akaangamia. Yeye akamsihi amrudishie daftari zake tu, kwa kuwa hazikuwa na faida kwao, naye alizisafiria akaziandika na kuijua elimu iliyomo. Mnyang'anyi akacheka, akamuuliza anadai vipi kuijua elimu hiyo ilhali wao wameichukua na yeye amebaki hana elimu. Kisha akaamuru arudishiwe mfuko wake.

Ghazali aliyapokea maneno yale kuwa ni mafunzo kutoka kwa Mola wake, yaliyopitishwa katika kinywa cha mwizi. Alipofika Tus alikaa miaka mitatu akiyahifadhi yote aliyokuwa ameyaandika, hata akawa kwamba lau angenyang'anywa tena, asingepungukiwa na kitu. Hata hivyo, ndugu msomaji, elimu iliyotoka kwenye karatasi ikaingia kifuani bado ina safari nyingine ndefu, nayo ni kutoka katika kumbukumbu hadi katika moyo. Safari hiyo ilimchukua miaka mingi zaidi.

KUPANDA DARAJA

Kutoka Tus alikwenda Nishapur kusoma kwa Imamul Haramayn al-Juwayni, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi katika zama zile. Alisoma kwake fikihi, usuli, ilmul kalam na mantiki, akawapita wenzake wote, hata akaanza kutunga vitabu mwalimu wake akiwa hai. Imamul Haramayn alipofariki mwaka 478 Hijria (1085), Ghazali alielekea katika kambi ya Nidhamul Mulk, waziri mkuu wa dola ya Seljuk, ambaye baraza lake lilikuwa uwanja wa wanazuoni kujadiliana na kushindana kwa hoja.

Katika uwanja huo Ghazali alishinda. Mwaka 484 Hijria (1091) waziri yule alimteua kuwa mwalimu mkuu wa Madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, cheo ambacho wanazuoni wenye mvi walikitamani, naye alikuwa hajatimiza miaka thelathini na mitano. Wanafunzi wake walifika mia tatu. Alishauriwa na watawala, alitoa fatwa, na hadhi yake katika mji ule wa makhalifa ikakaribiana na hadhi ya mawaziri.

Katika miaka hiyo hiyo alizisoma falsafa za Wayunani peke yake, bila ya mwalimu, katika saa alizoziiba baina ya kusomesha na kutunga. Kwa muda usiotimia miaka miwili akazielewa, na akatumia karibu mwaka mzima mwingine akizipima. Matunda yake yalikuwa kitabu cha Tahafutul Falasifa, alichowajibu wanafalsafa katika masuala ishirini. Kwa hesabu ya dunia, mtoto wa msokota sufu alikuwa amefika mwisho wa ngazi.

Lakini dunia haikuacha kumuonyesha sura yake ya pili. Mwaka 485 Hijria (1092) Nidhamul Mulk, aliyempandisha, aliuawa, na haukupita muda mrefu Sultan Malik Shah naye akafariki. Dola iliyoonekana kama mlima ikaanza kugombaniwa na warithi. Mwenye macho aliona kwamba kamba aliyoishika ilikuwa imefungwa kwenye mti unaokatika.

MIEZI SITA YA MVUTANO

Sasa tumefika mahali ambapo Imam mwenyewe ameyaeleza mambo yake kwa ukweli ambao ni nadra kuupata kwa watu wenye cheo. Katika kitabu chake cha Al-Munqidh minadh-Dhalal, alichokiandika katika miaka yake ya mwisho, anasimulia kwamba alivisoma vitabu vya watu wa tasawufu akavielewa, kisha akatambua kuwa sehemu kubwa ya njia yao haifikiwi kwa kusoma. Akapiga mfano wa mtu anayejua maana ya afya na sababu zake na mtu aliye na afya. Tabibu mgonjwa huijua afya kwa maelezo yake yote, na huku mwili wake hauna afya hiyo.

Akayatazama maisha yake, akajikuta amezongwa na mafungamano ya dunia kila upande. Akaitazama kazi yake iliyo bora, nayo ni kusomesha, akaona kwamba alikuwa ameelekea kwenye elimu zisizo na uzito katika njia ya Akhera. Kisha akaitazama nia yake katika kusomesha huko, akakuta kwamba haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kilichomsukuma kilikuwa ni kutafuta cheo na kuenea kwa sifa. Akawa na yakini kwamba amesimama kwenye ukingo unaomomonyoka.

Je, aliacha siku ile ile? La. Alibaki katika mvutano kwa muda wa karibu miezi sita, kuanzia mwezi wa Rajabu mwaka 488 Hijria, yaani Julai 1095. Siku moja akiazimia kutoka Baghdad, siku ya pili azma inavunjika. Asubuhi ana shauku ya Akhera, jioni jeshi la matamanio linamshambulia na kumrudisha nyuma. Sauti ya imani ikimnadia kwamba umri uliobaki ni mchache na safari ni ndefu. Kisha shetani akimjia kwa sauti ya mtu mwenye busara, akimwambia kwamba hiyo ni hali ya kupita tu, na kwamba akikiacha cheo hiki kisicho na mpinzani, huenda nafsi yake ikakitamani tena na asikipate.

Tazama, ndugu yangu, jinsi nafsi ya binadamu inavyofanya kazi. Mwenye kusitasita huyu alikuwa mjuzi wa hoja asiyeshindwa na wanafalsafa, na bado nafsi yake ilimshinda kwa miezi sita kwa hoja ambazo hata mtoto wa chuoni angezijibu. Elimu peke yake haikutosha kumuinua pale alipokaa. Mwenye kudhani kwamba ataacha dhambi yake siku atakapoijua vizuri zaidi, na aizingatie habari hii.

Mwishowe jambo likatoka katika mikono yake. Mwenyezi Mungu aliufunga ulimi wake. Alikuwa akijitahidi kusomesha japo siku moja ili kuziridhisha nyoyo za wanafunzi wanaomjia, lakini neno halitoki. Huzuni ikaingia moyoni, tonge likawa haliteremki, maji hayapiti, nguvu zikaisha. Matabibu walikata tamaa ya kumtibu, wakasema kwamba maradhi haya yameanzia moyoni, na hayana dawa isipokuwa siri ya moyo itulie. Hapo alipoona amekwisha kabisa, akamkimbilia Mola wake kama anavyokimbilia mtu aliyedhikika asiye na hila. Na Yule anayemjibu mwenye dhiki akamjibu, akamrahisishia kukiacha cheo, mali, watoto na marafiki.

SAFARI NA AHADI

Mwezi wa Dhul Qaada mwaka 488 Hijria (Novemba 1095) aliondoka Baghdad. Aliwaambia watu kwamba anakwenda Makka, na huku amekusudia nchi ya Sham, kwa kuchelea Khalifa na wenzake wasije wakamzuia. Kiti chake alimwachia ndugu yake Ahmad. Mali aliyokuwa nayo aliigawa, akabakisha kiasi cha kumtosha yeye na chakula cha watoto wake. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kuipa dunia mgongo ni kuwaacha watoto na njaa. Imam alihakikisha kwanza kwamba wanaye wana riziki yao.

Watu wa mji walishangaa. Maulamaa wa Iraq hawakuweza kufikiri kwamba mtu anaweza kukiacha cheo kile kwa sababu ya dini, kwa kuwa wao walikihesabu kuwa ndicho daraja la juu kabisa katika dini. Waliokuwa mbali walidhani kwamba amewakimbia watawala. Waliokuwa karibu waliwaona watawala wakimng'ang'ania naye akiwakimbia, wakasema kwamba ni kijicho kilichowapata Waislamu. Kila mmoja alimpima kwa kipimo cha nafsi yake.

Alikaa Damascus kwa muda wa karibu miaka miwili, akipanda mnara wa Msikiti wa Bani Umayya na kujifungia mchana kutwa, akishughulika na kuitakasa nafsi na kumkumbuka Mola wake. Akaenda Baitul Muqaddas, akijifungia katika Kuba la Mwamba. Akazuru Al-Khalil, mahali lilipo kaburi la Nabii Ibrahim (A.S.), na huko akachukua ahadi tatu juu ya nafsi yake: asiende tena kwa mtawala, asipokee mali ya mtawala, na asijadiliane na watu katika mabaraza ya kushindana. Tukizitazama ahadi hizo tutaona kwamba kila moja inakata mzizi mmoja wa maradhi yake ya zamani. Hakuapa kuacha mambo ambayo hayakuwahi kumshinda. Aliapa kuacha yale yale aliyoyapenda. Kisha akatekeleza ibada ya Hija na kumzuru Mtume (S.A.W.).

Halafu nini kilimrudisha nyumbani? Anasema mwenyewe kwamba ni wito wa watoto wake. Alirejea akiwa ni mtu ambaye hakutarajia kabisa kurudi, akaendelea na faragha yake akiwa miongoni mwa jamaa. Anakiri pia kwamba mahitaji ya familia na dharura za maisha zilikuwa zikimchafulia utulivu wake, na kwamba hali safi ya moyo hakuipata isipokuwa nyakati zilizotawanyika. Aliendelea hivyo kwa miaka kumi, na kila alipozuiwa alirudi tena. Hapa pana faraja kubwa kwa baba mwenye mikopo, mama mwenye mtoto mgonjwa, na kila anayelalamika kwamba shughuli hazimpi nafasi ya ibada. Hata Imam Ghazali hakupata moyo uliotulia saa zote. Alichokipata ni kutokata tamaa ya kurudi.

KITABU CHA MARADHI YA MOYO

Katika miaka hiyo ya kujitenga ndipo alipokitunga kitabu kilichomfanya ajulikane hadi leo, Ihya Ulumid Din, maana yake Kuzihuisha Elimu za Dini. Kina vitabu arubaini ndani yake, vilivyogawanywa katika robo nne: robo ya ibada, robo ya mwenendo wa kila siku, robo ya mambo yanayoangamiza na robo ya mambo yanayookoa.

Msomaji wa robo ya tatu huona wazi kwamba aliyeiandika hakuwa akiwasimulia wengine. Humo amezichambua ghadhabu, husda, ubakhili, kupenda cheo, ria, kibri na kujiona, akaonyesha kila ugonjwa unapoanzia, unavyojificha na unavyotibiwa. Amefuatilia ria hadi mahali ambapo mtu hujificha ili asionekane akifanya ibada, kisha moyoni hufurahi watu wakigundua kwamba alijificha. Na sehemu ya mwisho ya robo hiyo ameiweka kwa ajili ya walioghurika, wakiwemo wanazuoni wanaodhani kwamba kuijua njia ni sawa na kuipita. Nani angeyajua hayo kama si mtu aliyejikagua mwenyewe?

Hatumpambi Imam kwa kumuondolea kila kasoro. Wanazuoni wamemkosoa kwa kuzitia katika Ihya hadithi nyingi dhaifu, na mwanachuoni wa hadithi Zaynuddin al-Iraqi (aliyefariki mwaka 806 Hijria) alifanya kazi kubwa ya kuzichunguza na kubainisha daraja zake. Mwaka 503 Hijria (1109), Imam akiwa bado hai, kitabu hicho kilichomwa moto huko Cordoba, Andalus, kwa amri ya utawala wa Murabitun. Ibnul Jawzi wa Baghdad alikikosoa kwa ukali, na bado akakifupisha katika kitabu chake ili watu wanufaike na mazuri yake. Hivyo ndivyo wafanyavyo watu waadilifu, huliondoa kapi na kuihifadhi nafaka.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna fungu letu katika urithi huu. Imam alikuwa mwanachuoni wa Shafi, madhehebu ya Waislamu wengi wa mwambao huu, na vitabu vyake vya fikihi, kama vile Al-Wajiz, ni miongoni mwa nguzo walizojengea waliokuja baada yake, hadi kumfikia Imam Nawawi ambaye Minhaj yake imesomeshwa hapa kwetu kizazi baada ya kizazi. Nayo Ihya ilipendwa mno na mashekhe wa Hadhramaut, ambao wao na wanafunzi wao waliisambaza elimu Lamu, Zanzibar na visiwa vya Ngazija.

KUKIRUDIA KITI

Mwaka 499 Hijria (1106) waziri Fakhrul Mulk, mwana wa Nidhamul Mulk, alimtaka kwa msisitizo atoke katika faragha yake akasomeshe katika Nidhamiya ya Nishapur. Mambo ya dini yalikuwa yamelegea, na watu walihitaji wa kuwaongoza. Imam akajikuta tena katika mvutano, lakini mara hii umekuja kwa sura nyingine. Alijiuliza kama kinachomzuia kutoka ni ucha Mungu, au ni uvivu, mapenzi ya raha, na kutaka kujilinda na maudhi ya watu.

Tutulie hapa kidogo, kwani hapa ndipo tunapoiona elimu yake imekuwa tabia. Miaka kumi na moja nyuma aliigundua nafsi yake imejificha ndani ya kiti cha kusomesha. Sasa aliigundua inaweza kujificha hata ndani ya upweke wa mchamungu. Nafsi haina nyumba moja. Ukiifukuza sebuleni huingia jikoni, na ukiifukuza jikoni utaikuta imeketi juu ya msala wako. Kwa hiyo hakuamua peke yake. Aliwashauri watu wema wenye nyoyo zilizo hai, wakaafikiana kwamba atoke. Akatoka.

Msomaji anaweza kuuliza: Je, hakukaribia kuivunja ahadi ya Al-Khalil, kwa kusomesha katika madrasa iliyojengwa na mawaziri? Swali hilo lina haki yake. Jibu lake yeye ni kwamba kiti ni kimoja lakini aliyekikalia si yule. Zamani aliwaita watu kwa kauli na vitendo kwenye elimu ambayo cheo hupatikana kwayo, na sasa anawaita kwenye elimu ambayo kwayo cheo huachwa. Akaongeza kwa unyenyekevu kwamba hiyo ndiyo nia yake, na Mwenyezi Mungu ndiye anayeijua.

Tunaye shahidi wa jambo hili. Abdul Ghafir al-Farisi, mwanachuoni wa Nishapur, alimjua Imam kabla na baada. Ameeleza kwamba zamani alimuona ni mtu mwenye ukali na kuwadharau watu, aliyeghurika kwa kipaji cha ufasaha na akili alichopewa. Alipomtembelea baada ya kurudi, alimkuta amekuwa kinyume cha hayo. Mwanzoni alidhani kwamba ni vazi la kujitia tu, lakini alipochunguza kwa muda akabaini kwamba mtu yule amepona kweli. Hiyo ndiyo hukumu ya mtu aliyemjua kwa ubaya wake, na haipatikani kwa hotuba moja nzuri.

MWISHO WAKE

Hakukaa Nishapur muda mrefu. Fakhrul Mulk naye aliuawa, na baadaye Imam akarejea Tus, akaanzisha karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na makazi ya watu wa ibada. Alipoitwa tena Baghdad kukirudia kiti chake cha zamani, alikataa. Siku zake alizigawa baina ya kusoma Qur'ani, kukaa na watu wema na kusomesha, na mwishoni alizama katika kuzisoma hadithi za Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, kama mwanafunzi anayeanza. Mtu aliyeitwa Hoja ya Uislamu hakuona haya kukaa chini kujifunza lile alilopungukiwa.

Siku ya Jumatatu, tarehe 14 Jumadal Akhir mwaka 505 Hijria, sawa na 18 Desemba 1111, alfajiri, alitawadha akaswali. Imesimuliwa kutoka kwa ndugu yake Ahmad kwamba baada ya swala aliagiza sanda yake, akaipokea, akaibusu, akaiweka juu ya macho yake na kutamka kwamba amesikia na ametii. Kisha akainyosha miguu yake, akaelekea kibla, na kabla jua halijachomoza roho yake ilikwisha kurejea kwa Mola wake. Alikuwa na umri wa miaka 55 kwa hesabu ya Hijria. Aliacha mabinti, na akazikwa Tus, mji ule ule alikotoka akiwa yatima asiye na cha kula.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu Waislamu, mafunzo ya maisha haya ni mengi, nasi tutayataja matatu tu.

Kwanza, mtu huweza kuwa na manufaa kwa watu na huku yeye mwenyewe anaangamia. Wale wanafunzi mia tatu walinufaika kwa hakika na masomo ya Imam, lakini manufaa yao hayakuwa dalili ya salama yake. Imamu wa msikiti, mwalimu wa madrasa, kiongozi wa jumuiya, na hata sisi tunaoandika katika kurasa kama hizi na kupenda kusikia kwamba makala zetu zimesifiwa, hatuna budi kujiuliza swali alilojiuliza yeye: kama sifa zingekatika leo, je, tungeendelea kesho?

Pili, kusitasita si dalili kwamba toba haitakuja. Imam alivunja azma yake mara nyingi ndani ya miezi sita. Kilichomuokoa ni kwamba hakuacha kuusikia mvutano ule, wala hakuuzima kwa shughuli, na mwisho akaomba kama mtu asiye na nguvu. Asiyeweza kuacha kwa azma yake na aombe kwa udhaifu wake.

Tatu, si kila mtu anatakiwa kuondoka Baghdad yake. Mwenye duka atabaki na duka lake, na mwalimu atabaki na darasa lake. Imam aliondoka kwa miaka kumi na moja, kisha Mola wake akamrudisha kwenye kazi ile ile, akiwa na moyo mwingine. Huenda wewe unaweza kuianza safari hiyo leo bila ya kuvua viatu vyako, kwa kuchagua jambo moja unalolifanya ili watu wakuone, ukalifanya mahali wasipokuona, na usimwambie mtu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imam Ghazali, amsamehe makosa yake na atunufaishe kwa elimu yake. Atutakasie nia zetu kabla ndimi zetu hazijafungwa, na atujaalie mwisho mwema. Amin.

Wabillahi Tawfiq.